Mtaalamu wa Kutomwamini Mtu

Luqmani Dadi alikuwa ameinamia bakuli la supu ya makongoro, anamalizia kipande cha mwisho cha chapati, pale mtu mmoja mnene aliyekaa nyuma yake alipopiga simu na kuanza kulalamika kwa sauti. Luqmani akaacha kutafuna. Msidhani alikuwa mmbea. Umbea ni wa watu wasio na kazi, na kwake yeye kusikiliza simu za watu ndiyo kazi yenyewe, kama fundi cherehani anavyokagua mabega ya waumini ibadani.

"Wewe niambie ukweli," yule mnene alikuwa anasema, "hiyo ziro trasti ni mashine, ni semina, au ni ugonjwa? Eti ofisi zote za wakala ziwe nayo kabla wakaguzi hawajapita. Mtaalamu? Mtaalamu wanasema anakuja. Nani? Lini? Hawasemi! Ndugu yangu, mimi nimeshapima mapazia ya ofisi ya Dodoma, halafu nikwame hapa Morogoro kwa ajili ya neno ambalo hata kamusi inalikimbia?"

Akakata simu, akafuta jasho, akaondoka. Luqmani akamgeukia mama muuza supu.

"Yule bosi ni nani, mama?"

"Humjui Meneja Elia? Wa Wakala wa Vibali vya Maji ya Milimani, pale juu Boma. Supu yake kila siku bila pilipili. Mtu wa presha yule."

Luqmani akamwaga pilipili kwenye mabaki ya supu yake na kuyanywa taratibu, kwa heshima, kama mtu anayepokea baraka. Katika maisha yake alishakuwa dalali wa viwanja vilivyo katikati ya mto, mshenga wa bibi harusi ambaye hakuzaliwa, na kwa wiki moja yenye mafanikio makubwa alikuwa binamu wa mbunge. Siku zote kazi ngumu ilikuwa ni kumfanya mtu akutarajie. Hapa palikuwa na ofisi nzima inayomtarajia mgeni isiyomjua jina, sura wala siku ya kufika. Nafasi hiyo kuiacha ingekuwa ni utovu wa adabu.

Mchongo wenyewe aliujua kabla hajatoka mlangoni. Pale Soko Kuu alikuwapo tajiri mmoja wa kabichi, Hamza, ambaye malori yake yaliteremsha mboga za Mgeta kwenda Dar kila jioni, na ambaye kwa muda mrefu alikuwa anamweleza kila mwenye masikio jinsi anavyohitaji maji ya kumwagilia mashamba yake mapya huko mlimani. Luqmani alimkuta amekaa juu ya kabichi zake kama kuku anayeatamia.

"Tajiri, shikamoo."

"Marahaba, tapeli. Leo unauza nini?"

"Leo nanunua shida zako. Ile chemchemi unayoitaka inaitwaje kwenye vibali?"

Hamza akamtazama. Kisha akasogea, akampisha kwenye kabichi. "Chanzo cha Tumaini," alinong'ona. "Kimekaa tu. Hakuna mtu pale, ni vichaka na nyani. Ukikitia jina langu, Fuso yangu iliyoko Dumila ni yako."

"Fuso nzima?"

"Rangi mpya, tairi mpya. Nikudanganye ili iweje?"

Hapo moyo wa Luqmani ukaruka. Si tamaa tu iliyoufanya uruke. Mama yake, Bi Raya, alikuwa bado analima matuta huko Mgeta, na kila akipiga simu alikuwa na swali moja tu: "Luqmani, hivi unafanya kazi gani?" Tangu atoroke jembe akiwa kijana, Luqmani hakuwahi kulipatia swali hilo jibu linaloweza kurudiwa mbele ya majirani. Lakini mtu mwenye lori haulizwi. Mtu mwenye lori anaitwa tajiri, na mama yake anapishwa kwenye foleni ya zahanati.

Maarifa aliyaazima kwenye simu mchana ule ule, akiwa kwenye kiti cha kinyozi. Mengine alikuwa nayo tayari, maana alishawahi kusajili laini za simu chini ya mwavuli pale Msamvu, akiwabonyezesha watu vidole kwenye vile vimashine. Kesho yake alipanda Boma amevaa suti ya buluu ya kuazima na kamba ya kitambulisho shingoni, kitambulisho chenyewe kikiwa kimegeuka upande usio na kitu.

Mlinzi wa getini, mzee wa makamo aitwaye Tomasi, alimfungulia kabla hajabisha. "Karibu sana, bosi."

Luqmani hakuingia. "Kwa nini umenifungulia?"

Tomasi akababaika. "Si… umevaa suti, bosi."

"Mwizi hana fundi cherehani?"

Tomasi akafunga geti. Akafikiri. Akafungua tena. Akafunga. Alikuwa bado anahangaika nalo hivyo pale Meneja Elia alipotoka mbio, tai begani, akauliza kuna nini.

"Kuna mtu asiye na jina amefunguliwa geti la serikali kwa sababu ya suti," alisema Luqmani kwa masikitiko makubwa. "Mimi ni Mhandisi Godlisten, natoka Dodoma. Nimekuja kwa ajili ya ziro trasti, na naona nimechelewa."

Elia nusura amkumbatie. Mnadhani kuna aliyeomba kuona kitambulisho? Nani amwombe kitambulisho mgeni wa makao makuu, tena aliyekuja akiwa tayari amekasirika? Walimwombea kiti.

Ofisini alitambulishwa kwa Bi Editha, ofisa wa vibali, mwanamke wa sweta la kufuma na miwani ya kamba, ambaye kila kibali cha maji ya milima ile kilipita mkononi mwake.

"Mnatumia pasiwedi gani hapa?" Luqmani akauliza.

"Jina la mtoto wa meneja," alijibu Bi Editha bila wasiwasi. "Wote tunatumia hiyo hiyo. Hata dada wa chai anayo, maana huwa anamalizia kazi zangu nikienda kliniki. Kumnyima mwenzako pasiwedi ni kama kumnyima chumvi, mhandisi. Watu watasema una roho mbaya."

"Kuanzia leo," Luqmani akasema, "muwe na roho mbaya."

Akawakusanya wote kwenye chumba cha mikutano, chai ikaletwa na maandazi, na hapo ndipo alipotoa somo ambalo hata maprofesa wangelisikiliza wakiwa wameacha simu zao mifukoni. Aliwaambia mtindo wa zamani ni wa ukuta: mtu akishavuka geti anakuwa ndugu, anaingia jikoni, anafungua sufuria. Ziro trasti haina ndugu. Kila mlango unakuuliza upya wewe ni nani, hata kama umetoka hapo sasa hivi kwenda kunawa mikono. Kila mtu ana ufunguo wa chumba chake tu.

"Na la mwisho, ndilo kubwa," akashusha sauti. "Msingoje mwizi aje. Chukulieni ameshaingia. Yumo humu humu ndani, amekaa na nyinyi, anakunywa chai yenu."

Watu wakatazamana. Mhasibu akasogeza kikombe chake mbali na cha jirani. Luqmani akachukua andazi la pili.

Bi Editha akanyoosha mkono. "Samahani, mhandisi. Akija mtu mzima, mzee wa kijiji, nami namfahamu, nimwambie athibitishe? Si ataniona sina malezi?"

"Unamwamkia kwanza. Shikamoo unampa. Ila shikamoo haifungui mlango."

"Na akiwa analia?"

"Hasa akiwa analia! Watawajia kwa mbinu hizo. Atakuja bibi na kanga yake kichwani, aseme yeye ni mama wa fulani, ameonewa. Msimwamini. Na mimi mwenyewe nitawajaribu siku yoyote. Nikija nikawaambia maneno ya ajabu, msiniamini hata mimi."

"Hata wewe?" Elia akauliza kwa mshangao.

"Hasa mimi."

Katika yote aliyowahi kuyasema kazini kwake, hayo ndiyo yaliyokuwa ya uaminifu kuliko yote, na alishangaa jinsi yalivyotoka kwa raha.

Sasa hapa Luqmani alikosea hesabu zake. Alitarajia watumishi wale wasikilize, wapige makofi, wasahau. Watu wale hawakusahau. Ilionekana kila mmoja wao alikuwa na mtu ofisini ambaye kwa miaka mingi alitamani kutomwamini, na sasa serikali ilikuwa imempa kibali. Kesho yake Tomasi alimzuia Meneja Elia aliporudi kutoka kupata supu. Dada wa chai alidai mhasibu athibitishe kwamba sukari aliyoomba ni ya kikombe kile kile. Bi Editha, aliyejaliwa hekima kuwapita wote, alibadilisha pasiwedi yake na hakumwambia mtu, na alionekana akitembea koridoni kama mwanamke aliyepungua kilo nyingi.

Katika stoo, chini ya birika la umeme, kulikuwa na maboksi ya vimashine vya kusoma vidole vilivyoletwa na makao makuu, hayajafunguliwa. Luqmani akayafungua na kufunga vimashine kila mahali, mpaka getini. Akasajili vidole vya wote. Kila badiliko la kibali sasa lingehitaji vidole viwili: cha anayebadilisha na cha anayeidhinisha. Lakini ili mashine zifanye kazi, mfumo ulitaka kidole cha mtaalamu aliyezifunga pamoja na namba yake ya kitambulisho cha taifa. Luqmani akaandika Godlisten. Mfumo ukakataa. Akaandika tena kwa herufi kubwa, kwa ukali. Ukakataa. Mashine, tofauti na Meneja Elia, haikuwa na haya mbele ya wageni.

Watumishi walikuwa kwenye chai. Luqmani akatazama kushoto, akatazama kulia, akaingiza namba yake halisi na kubandika dole gumba lake halisi. Kwenye skrini pakatokea maneno matatu tu: *Mtaalamu wa Nje*. Jina hakuliona popote. Akashusha pumzi.

Baada ya hapo kazi ilikuwa nyepesi kama kumtoa mtoto pipi mdomoni.

"Meneja, tufanye jaribio moja. Tunahamisha kibali kimoja, mimi nabonyeza, wewe unaidhinisha. Wakaguzi wakikuta mmeshafanya jaribio kamili, ofisi ya kwanza nchini…"

"Dodoma watafurahi?"

"Dodoma wanapenda majaribio kuliko ugali."

Elia akabandika dole lake huku akitazama dirishani, kuelekea upande aliodhani Dodoma iko. Hakusoma kilichokuwa kwenye skrini. Chanzo cha Tumaini kikahama kutoka kikundi kimoja cha wamwagiliaji, ambacho Luqmani naye hakusoma ni cha nani, kwenda kwa Hamza, kimya kimya, bila hata tone kumwagika.

Hamza alimkabidhi Luqmani ufunguo wa Fuso kwa mikono miwili na kumwita mwanangu. Luqmani akapanda basi la Dumila akitabasamu njia nzima, akajibu "tajiri" kwa kondakta ambaye hakuwa amemwita. Uwanja wa Hamza ulikuwa nyuma ya wauza vitunguu. Fuso ilikuwapo, na rangi ilikuwa mpya kweli, buluu ya kung'aa, na tairi nyeusi tii. Akapanda, akakaa, akashika usukani, akaangalia kioo jinsi uso wake ulivyokaa ndani ya lori. Ulikaa vizuri. Akazungusha ufunguo.

Kimya.

Akazungusha tena. Kutoka chini ya kiti pakasikika sauti, lakini ilikuwa ya kuku. Luqmani akashuka, akainua kichwa cha lori. Mahali pa injini palikuwa na majani makavu, na juu ya majani kuku mwekundu alikuwa anamtazama kwa dharau.

Akapiga simu. "Hamza! Hii Fuso haina injini!"

"Sasa?"

"Ulisema Fuso nzima!"

"Wewe ndiye uliyesema nzima. Mimi nilisema rangi mpya, tairi mpya," Hamza akajibu kwa upole. "Halafu wewe si ndiye mtaalamu wa kuthibitisha? Mbona hukuja kuiangalia kwanza, mhandisi?"

Simu ikakatwa. Mtu aliyezunguka ofisi nzima akihubiri msimwamini mtu alikuwa ameuziwa mbuzi kwenye gunia, tena gunia lenyewe lilikuwa limepakwa rangi. Alikuwa bado amesimama pale, ametumbuliwa macho na kuku, simu ilipoita tena. Alikuwa mama yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Leo sikuulizi kazi, Luqmani, nina shida. Wamekuja vijana wa Hamza, wana kibali kipya cha serikali. Wamefunga mfereji wetu kwa mawe. Njegere ndiyo kwanza zimetoa maua, na karoti hazijafika kidole. Tusipopata maji wiki hii, kina mama wote wa huku tunavuna vumbi."

"Mfereji wenu upi, mama? Hamza kachukua Tumaini. Kule si vichaka na nyani?"

"Nani kakwambia vichaka? Tumaini ndiyo sisi! Tulipoandikisha kikundi walituambia tuchague jina. Si nilikupigia simu nikakueleza? Ukasema 'sawa mama, hongereni,' ukakata."

Alikumbuka kusema sawa. Sawa alikuwa anaisema kwa kila kitu.

"Kesho tunashuka mjini," Bi Raya akaendelea. "Tumeambiwa kuna mhandisi pale wakala, anaitwa Godlisten. Ndiye kafanya. Mimi nataka nimwone huyo mtu kwa macho yangu, nijue amezaliwa na mama wa namna gani."

Kesho yake ilikuwa Ijumaa. Saa za kazi zikiisha, mabadiliko yote ya wiki yangefungwa makao makuu, na kuyafungua tena ingekuwa ni habari ya mahakama na wanasheria, wakati njegere hazina wakili. Luqmani alifika Boma mapema, bila suti.

"Simama," akasema Tomasi. "Thibitisha."

"Tomasi, ni mimi."

"Ndivyo wanavyosemaga."

Akabandika kidole, akaingia, akawakuta Elia na Bi Editha mezani. Hakukaa. "Sikilizeni. Mimi si mhandisi. Siitwi Godlisten. Dodoma naijua kwa kupita. Mimi ni tapeli, na lile jaribio tulilofanya halikuwa jaribio. Limechukua maji ya watu. Turudishe sasa hivi."

Meneja Elia akasimama na kuanza kupiga makofi.

"Safi sana! Editha, umeona? Alisema atatujaribu!"

"Nimeona, meneja. Na amevaa vibaya makusudi."

"Simjaribu mtu!" Luqmani akapaza sauti. "Mimi ni mwizi!"

"Thibitisha," akasema Bi Editha, akivaa miwani.

Sasa mwaweza kumwonea huruma. Mtu ametumia maisha yake yote kuhakikisha hakuna ushahidi wa anachofanya, halafu siku moja anauhitaji. Alitaja viwanja vya katikati ya mto. Alitaja bibi harusi. Elia alikuwa anacheka mpaka anashika tumbo, akisema huyu makao makuu wamemfundisha haswa. Ndipo Tomasi akaingia kwa haraka, akapiga saluti.

"Bosi, yule bibi wa mtihani amefika. Kanga kichwani, kama mlivyosema. Ila halii. Anatukana, lakini kwa adabu. Nimemwamkia, sikumfungulia."

Kutoka getini sauti ikapanda hadi dirishani, ile ya mlimani, inayovuka bonde bila kupunguza kasi: "Huyo Godlisten yuko wapi? Atoke! Atoke tumwone!"

Luqmani akachungulia. Walikuwapo kina mama wengi, matope ya njia ya Mgeta yamewakauka miguuni, na mbele yao mama yake, ameshika nondo za geti. Bi Raya akauona uso dirishani.

"Luqmani?" Alitazama dirisha, akatazama kibao cha ofisi, akatazama dirisha tena. "Luqmani, hivi unafanya kazi gani humo?"

"Bibi amepewa hata jina la bandia la kumwita," akanong'ona Elia kwa kustaajabu. "Hawa watu wamejipanga!"

Jikoni kwa dada wa chai kulikuwa na mlango wa nyuma, na mlango huo, pamoja na mafunzo yote, ulikuwa wazi kwa sababu ya moshi. Luqmani aliutazama. Mguu mmoja ulishaanza kwenda. Kwa upande ule angetokea Mji Mpya, apande gari lolote, na kuwa binamu wa mbunge mwingine mji mwingine. Hapa hakuna aliyemjua jina, na aliyelijua hakuaminiwa. Lakini huko nje mama yake hakuwa anapiga kelele tena. Alikuwa amekaa chini kwenye changarawe, ameiacha kanga imteleze mabegani, na kwa mwanamke yule kukaa chini katikati ya mchana hakukuwa jambo la kawaida.

Luqmani akavuta kiti, akafungua mfumo, akatafuta Tumaini, akabonyeza *Batilisha*. Mfumo ukamwambia kwamba anayebatilisha ni lazima awe yule yule aliyebadilisha, na ukataka kidole. Akabandika.

Safari hii mfumo haukuandika Mtaalamu wa Nje. Kubatilisha lilikuwa jambo zito, lilitaka jina kamili, na jina likatokea kwa herufi nene, likifuatiwa na picha: Luqmani Dadi Maneno, mzaliwa wa Mgeta, masikio yamesimama kama ya sungura aliyeshtuliwa.

Bi Editha akasogea karibu na skrini. "Mhandisi, hii picha ni yako."

"Ni yangu."

"Jina si lako."

"Jina ndilo langu. Lile lingine ndilo si langu."

"Kwa hiyo wewe ni tapeli."

"Nimekuwa nikisema tangu asubuhi, dada yangu!"

Elia alikaa chini taratibu, kama ngano inayomiminwa. Kwenye skrini pakatokea ombi la pili: kidole cha aliyeidhinisha. Saa ya ukutani ilikuwa inasogea.

"Meneja," akasema Bi Editha. "Kidole."

"Nikiweka, itaonekana niliidhinisha mimi."

"Usipoweka itaonekana hivyo hivyo, ila na maji yatakuwa yameenda."

Elia aliutazama mkono wake kama mkono wa mtu mwingine aliyemkosea. Kisha akabandika. Mfumo ukafikiri. Tumaini ikarudi kwa wenyewe.

Hapo ndipo meneja alipopata sauti. "Tomasi! Funga geti! Ita polisi! Huyu mtu asitoke!"

"Waje tu," akasema Bi Editha, akifuta miwani kwa ncha ya sweta. "Ila watauliza nani alimkaribisha bila kumwomba kitambulisho, na dole la nani lilimsindikiza. Tutawajibu nini, meneja?"

Elia akamwambia Tomasi aache habari ya polisi, amtoe tu mtu huyo nje. Presha yake ilionekana shingoni.

Luqmani alitolewa hadi getini akiwa katikati ya Tomasi na dada wa chai. Bi Raya alikuwa amesimama tena, anajipangusa changarawe. Alishaambiwa na Bi Editha kupitia nondo kwamba maji yamerudi, na alishaambiwa yaliyobaki pia.

"Mnipe huyo," akasema. "Nampeleka mimi."

Tomasi akajivuta koti. Hakuwa mtu wa kufundishwa kitu akakitumia nusu. "Shikamoo mama. Ila thibitisha kwamba ni mwanao."

"Nithibitishe?"

"Ndiyo utaratibu, mama. Sisi hatumwamini mtu."

Bi Raya akapitisha mkono kati ya nondo, akamshika Luqmani sikio la kulia, akalisokota kidogo tu. Yule mtu mzima, aliyewahi kuvaa suti ya buluu na kufundisha serikali, akapiga magoti kwenye changarawe bila kuambiwa, akasema, "Nisamehe mama, sirudii." Sauti yenyewe ilikuwa ya mtoto wa darasa la kwanza.

Tomasi alitazama kimashine chake cha vidole, akamtazama bibi, akafungua geti. "Imethibitika."

Baadaye wakaguzi walikuja kutoka makao makuu. Tomasi aliwaweka juani hadi wakampigia simu mkurugenzi, na mkurugenzi naye akatakiwa athibitishe. Ndani walikuta kila mtu ana ufunguo wake, kila badiliko lina kidole, na ofisa wa vibali aliyekataa hata kuwaonyesha njia ya msalani mpaka aone barua. Waliandika kwamba hawajaona ofisi kama ile nchini. Wakaandika pia kwamba meneja mwenye uwezo wa namna hiyo asihamishwe kutoka Morogoro kamwe. Hamza alikuja kuulizia kibali chake, na inasemekana anaendelea kuthibitisha.

Luqmani anabeba samadi kupandisha matuta ya Mgeta, kwenye vile vinjia ambavyo hata mbuzi huvishuka kwa kufikiri. Jioni anapokaa na wenzake mferejini akingoja zamu ya maji ya mama yake, huwasimulia kwamba aliwahi kuwa mtaalamu wa serikali, kwamba ule mfumo wa usalama wa pale Boma aliufunga yeye kwa mikono yake, na kwamba mpaka leo hakuna mjanja aliyeupenya.

Katika maisha yake yote, ndilo neno la kweli tupu alilowahi kusema kwa hiari. Wenzake hucheka, humtupia tope, na kumwambia aende akatoe magugu.